Kumwona Jirani si Kumtambua: Itifaki za Ugunduzi wa Majirani katika Mtandao wa Ndani

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna vifaa vilivyounganishwa katika mtandao mmoja wa ndani vinavyogunduana, na inachunguza ni kwa kiwango gani ugunduzi huo unaweza kuchukuliwa kuwa utambuzi. Itifaki tatu zimechambuliwa: ARP inayotumika pamoja na IPv4, itifaki ya ugunduzi wa majirani ya IPv6, yaani NDP, na LLDP inayotumiwa na swichi na vifaa vingine vya Ethaneti. Uchambuzi unaonesha kwamba kila mojawapo inajibu vizuri swali la mahali, yaani jirani anapatikana wapi, ilhali swali la utambulisho, yaani jirani ni nani, linajibiwa kwa kauli ya jirani mwenyewe. Makala inajenga hoja kuwa udhaifu mkubwa unaojulikana katika itifaki hizi unatokana na kuyachanganya maswali hayo mawili, na inapendekeza kwamba ushahidi wa utambulisho utafutwe nje ya itifaki za ugunduzi.

1.0 Utangulizi

Mtandao wa ndani ni mkusanyiko wa vifaa vinavyoweza kupelekeana ujumbe moja kwa moja bila kupitia kwenye ruta. Kompyuta za ofisi moja, printa inayotumiwa na wote, simu za mezani na swichi inayoviunganisha vifaa hivyo ni mfano wa kawaida. Vifaa vya namna hii huitwa majirani, na neno hilo lina maana mahususi katika taaluma hii. Jirani ni kifaa kilicho kwenye kiungo kilekile, hata kama kipo ghorofa nyingine. Kifaa kilicho juu ya meza ileile si jirani iwapo kimeunganishwa kwenye mtandao mwingine.

Kifaa kinapowashwa hakina habari yoyote kuhusu majirani zake. Hakuna orodha kinayopewa kiwandani, na hata kama ingekuwapo, ingepitwa na wakati mara tu kebo moja inapohamishwa. Hivyo basi, kila kifaa hulazimika kugundua majirani chenyewe na kuendelea kuhakiki kwamba bado wapo. Kazi hiyo hufanyika kimyakimya, mara nyingi kila siku, na mtumiaji wa kawaida haioni isipokuwa inaposhindikana.

Katika desturi ya Waswahili, anayebisha hodi huulizwa "Nani?", naye mara nyingi hujibu "Mimi." Jibu hilo peke yake halitambulishi mtu. Mwenye nyumba humtambua mgeni kwa sauti aliyoizoea kabla ya siku hiyo. Itifaki za ugunduzi zina hodi, na zina jibu; kinachokosekana katika nyingi kati yake ni sauti inayoweza kulinganishwa na kumbukumbu ya awali. Makala hii inaifuatilia kasoro hiyo katika itifaki tatu, kisha inaeleza athari zake na hatua zinazoweza kuchukuliwa.

2.0 Anwani Mbili za Kifaa Kimoja

Haja ya ugunduzi inatokana na ukweli kwamba kifaa kimoja kina anwani za aina mbili. Anwani ya kwanza ni ya IP, ambayo hugawiwa kulingana na mtandao ambao kifaa kimejiunga nao, na hubadilika kifaa kinapohamia mtandao mwingine. Anwani ya pili ni ya MAC, yenye biti 48, ambayo kwa asili huwekwa na mtengenezaji. Katika utaratibu uliozoeleka, biti 24 za mwanzo humtaja mtengenezaji aliyesajiliwa na taasisi ya IEEE, na biti 24 zinazobaki hupangwa na mtengenezaji huyo.

Programu hutumia anwani ya IP. Hata hivyo, fremu ya Ethaneti inayosafiri kwenye waya hubeba anwani ya MAC ya mpokeaji, na swichi huitumia anwani hiyo kuamua fremu itolewe kupitia mlango upi. Kwa sababu hiyo, kabla ya kompyuta kupeleka pakiti kwa printa, lazima ijue ni anwani gani ya MAC inayolingana na anwani ya IP ya printa hiyo.

Ni muhimu kubainisha mapema kwamba anwani ya MAC, ijapokuwa mara nyingi huitwa kitambulisho cha kudumu, haina udumu huo. Mifumo endeshi mingi humruhusu msimamizi wa kompyuta kuibadilisha. Aidha, biti moja katika baiti ya kwanza imetengwa ili kuonesha kuwa anwani imepangwa na mtumiaji na haikutoka kwa mtengenezaji. Simu za kisasa huitumia nafasi hiyo kwa makusudi: kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hutumia kwa kawaida anwani ya kubuni kwa kila mtandao usio na waya inaojiunga nao, ili mwenye simu asifuatiliwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo, orodha ya anwani za MAC zilizosajiliwa haiwezi tena kuchukuliwa kuwa orodha ya vifaa, wala ya wenye vifaa.

3.0 ARP: Swali kwa Wote, Jibu la Yeyote

Itifaki ya ARP ilielezwa na David Plummer katika waraka wa RFC 826 wa Novemba 1982. Utaratibu wake ni mfupi. Tuchukulie kompyuta yenye anwani 192.168.10.25 inataka kupeleka kazi kwa printa yenye anwani 192.168.10.40. Kompyuta hutuma swali linalofikia kila kifaa cha mtandao huo wa ndani: nani mwenye 192.168.10.40? Fremu ya swali huelekezwa kwenye anwani ya MAC ambayo biti zake zote 48 ni 1, na kila kifaa hulazimika kuisoma. Printa peke yake ndiyo inayotarajiwa kujibu, na jibu lake huelekezwa moja kwa moja kwa aliyeuliza. Kompyuta huandika jibu hilo katika jedwali lake la majirani ili isirudie swali kwa kila pakiti.

Ujumbe wenyewe una ukubwa wa baiti 28 tu kwa IPv4 juu ya Ethaneti. Ndani yake mna anwani mbili za mtumaji, anwani mbili za mlengwa na namba inayoonesha kama ujumbe ni swali au jibu. Hakuna sehemu ya sahihi, hakuna namba ya siri, wala hakuna alama inayolifunga jibu na swali fulani.

Kipengele kinachostahili kuzingatiwa zaidi ni mpangilio wa hatua za mpokeaji. Kwa mujibu wa RFC 826, kifaa kinachopokea ujumbe wa ARP hutazama kwanza iwapo anwani ya IP ya mtumaji tayari imo katika jedwali lake. Ikiwa imo, anwani ya MAC husahihishwa papo hapo. Hatua ya kuuliza iwapo ujumbe huo ni swali au jibu hufuata baadaye. Kwa maneno mengine, kifaa hurekebisha kumbukumbu yake kutokana na kauli ya mtumaji kabla hata hakijapima kama kiliihitaji kauli hiyo.

Mpangilio huo ulikuwa na manufaa ya wazi. Kifaa kilichobadilishiwa kadi ya mtandao kinaweza kuwajulisha majirani bila kungoja kuulizwa. Hadi leo, ruta mbili zinazolindana hutumia tangazo la namna hiyo ili ruta ya akiba ipokee kazi mara ile ya kwanza inapozimika. Manufaa hayo na hatari iliyopo vinatoka katika shina moja. Kifaa chochote kilicho kwenye kiungo hicho kinaweza kutangaza kuwa chenyewe ndicho chenye anwani ya ruta, na majirani wakaanza kukipelekea mawasiliano yao yote ya nje. Kitendo hiki hujulikana kama uchafuzi wa jedwali la ARP. Kifaa hicho kikiyapitisha mawasiliano hadi kwenye ruta halisi, mtumiaji haoni dalili yoyote ya kukatika kwa huduma.

Udhaifu mwingine unahusu muda. RFC 826 haikuweka muda maalumu wa uhai wa taarifa zilizomo katika jedwali. Ni waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989 uliotaka kila mfumo uwe na njia ya kuziondoa taarifa zilizochakaa. Watengenezaji walichagua muda tofauti, na kwa sababu hiyo vifaa viwili katika chumba kimoja vinaweza kuwa na picha tofauti za ujirani uleule.

4.0 NDP: Uthibitisho wa Mahali

IPv6 haitumii ARP. Kazi hiyo imekabidhiwa NDP, ambayo maelezo yake ya sasa yamo katika RFC 4861 ya mwaka 2007. Itifaki hii ina aina tano za ujumbe: ombi la kutafuta ruta, tangazo la ruta, ombi la kutafuta jirani, tangazo la jirani na ujumbe wa kuelekeza upya. Kwa mtazamo wa makala hii, maboresho yake matatu yana uzito wa pekee.

Boresho la kwanza linahusu hadhira ya swali. NDP haiulizi wote. Kila kifaa hujiunga na kundi ambalo anwani yake hutokana na biti 24 za mwisho za anwani yake ya IPv6, na swali hupelekwa kwa kundi hilo tu. Kwa kuwa biti 24 hutoa makundi zaidi ya milioni 16, mara nyingi kundi huwa na mwanachama mmoja. Vifaa vingine havisumbuliwi.

Boresho la pili linahusu uhai wa taarifa. Jedwali la NDP halihifadhi anwani peke yake. Huhifadhi pia hali ya kila jirani. Jirani anayetafutwa kwa mara ya kwanza yumo katika hali isiyokamilika. Akijibu, huwa anafikika, na hali hiyo hudumu kwa takribani sekunde 30. Baada ya hapo taarifa huhesabiwa kuwa imechakaa. Ikihitajika tena, hutumiwa, kisha kifaa husubiri sekunde 5 ili kuona kama kuna dalili kwamba mawasiliano yanakwenda na kurudi. Dalili isipopatikana, jirani huulizwa moja kwa moja hadi mara tatu. Asipojibu, hufutwa. Utaratibu huu unatambua jambo ambalo ARP haikulieleza: kumjua jirani jana si ushahidi kwamba yupo leo.

Boresho la tatu ndilo linalogusa kiini cha hoja yetu. Kila pakiti ya IPv6 ina namba inayopunguzwa kwa moja kila inapopita katika ruta, na thamani ya juu kabisa ya namba hiyo ni 255. Ujumbe wa NDP lazima ufike ukiwa na 255 kamili, vinginevyo hutupwa. Kwa kuwa hakuna njia ya kuiongeza namba hiyo zaidi ya kikomo, ujumbe wenye 255 haujapita katika ruta yoyote inayofuata kanuni. Aliyeutuma ni jirani wa kweli. Huu ni ushahidi rahisi na madhubuti, nao unamzuia mtu aliye mbali kujifanya jirani.

Hata hivyo, ushahidi huo unathibitisha mahali tu. Unaonesha kwamba msemaji yupo kwenye kiungo, na hausemi lolote kuhusu iwapo ndiye mwenye anwani anayoidai. Waraka wa RFC 3756 wa mwaka 2004 uliorodhesha hatari zinazobaki. Miongoni mwake ni jirani anayejitangaza kuwa ruta, na jirani anayejibu kila ombi la kuhakiki upekee wa anwani kwa kudai kuwa anwani hiyo ni yake, hata kifaa kipya kikakosa anwani ya kutumia.

Mwaka 2005, RFC 3971 ilipendekeza itifaki ya SEND, ambamo anwani ya IPv6 hutokana na ufunguo wa umma wa mwenye anwani, na ujumbe hutiwa sahihi kwa ufunguo wa siri unaolingana nao. Hapa ndipo jibu lilipopewa sauti inayoweza kuhakikiwa. Pamoja na ubora wake wa kinadharia, SEND haikuenea katika mifumo endeshi ya kawaida, na mitandao mingi inaendelea kutumia NDP isiyo na sahihi.

5.0 LLDP: Jirani Anayejieleza

ARP na NDP hutafuta anwani. LLDP ina lengo tofauti: kumwezesha msimamizi kujua kifaa gani kimeunganishwa kwenye mlango gani wa swichi. Kabla yake, kampuni ya Cisco ilikuwa imetengeneza itifaki yake ya CDP mwaka 1994, na watengenezaji wengine walikuwa na za kwao. IEEE ilitoa kiwango cha pamoja, 802.1AB, mwaka 2005.

Katika LLDP hakuna swali wala jibu. Kila kifaa hujitangaza chenyewe, kwa kawaida kila baada ya sekunde 30, na tangazo huhesabiwa kuwa hai kwa takribani sekunde 120. Tangazo lina sehemu tatu za taarifa zilizo za lazima: kitambulisho cha kifaa, kitambulisho cha mlango na muda wa uhai wa tangazo. Sehemu za hiari hujumuisha jina la mfumo, maelezo yake, uwezo wake na anwani ya kuusimamia. Kifaa kinachokaribia kuzimwa kinaweza kutuma tangazo lenye muda wa uhai wa sifuri, ambalo ni kama kuaga.

Fremu za LLDP hutumwa kwa anwani maalumu ya kundi, 01-80-C2-00-00-0E, ambayo swichi inayofuata viwango hairuhusiwi kuipitisha mbele. Tangazo husafiri hatua moja tu, kisha huishia hapo. Kwa hiyo, kama ilivyo kwa namba 255 ya NDP, kufika kwake ni ushahidi wa ukaribu. Msimamizi akikusanya majedwali ya swichi zote anaweza kuchora ramani ya mtandao mzima bila kufuata kebo hata moja kwa mkono.

Nyongeza ya LLDP kwa simu na vifaa vya mezani, iliyotolewa mwaka 2006 kama kiwango cha ANSI/TIA-1057, iliongeza uzito wa matangazo haya. Kwa kuitumia, swichi huiambia simu ijiunge na mtandao pepe upi wa sauti, na inaweza kuieleza mahali ilipo ili taarifa hiyo itumike katika simu za dharura. Kosa katika hatua hii lina gharama ya kibinadamu. Swichi huijua milango yake. Jina la chumba huandikwa na mtu. Kebo ikihamishiwa mlango mwingine bila kumbukumbu kurekebishwa, simu itataja chumba kisicho sahihi, na waokoaji wataelekea huko. Itifaki itakuwa imefanya kazi yake bila hitilafu.

6.0 Athari za Kuchanganya Maswali Mawili

Uchambuzi huu unaonesha ruwaza moja. Itifaki zote tatu zinatoa taarifa ya kuaminika kiasi kuhusu mahali, na taarifa isiyothibitishwa kuhusu utambulisho. Tatizo hujitokeza pale maamuzi yanayohitaji taarifa ya pili yanapojengwa juu ya taarifa ya kwanza.

Mfano wa kwanza ni swichi inayopanga haki za mlango kutokana na tangazo la LLDP. Kifaa kinachodai kuwa ni simu kikiingizwa katika mtandao pepe wa sauti bila uhakiki mwingine, kompyuta yoyote inayoweza kutunga tangazo la namna hiyo itapata nafasi hiyohiyo. Mfano wa pili ni msimamizi anayesoma jina la mfumo katika jedwali la majirani na kulihesabu kuwa uthibitisho. Jina hilo liliandikwa na kifaa kinachochunguzwa.

Aidha, kusikiliza kwenyewe kuna hatari. Mwezi Februari 2020, kampuni ya usalama ya Armis ilitangaza kasoro tano katika namna vifaa mbalimbali vya Cisco vilivyokuwa vikichakata ujumbe wa CDP. Baadhi yake zilimwezesha mtu aliye kwenye kiungo kuendesha amri zake katika kifaa kilichopokea ujumbe. Cisco ilitoa marekebisho. Tukio hilo linafundisha kwamba ujumbe wa jirani ni data kutoka kwa mtu asiyejulikana, na unapaswa kuchakatwa kwa tahadhari ileile inayotolewa kwa data inayotoka nje ya mtandao.

Vilevile, matangazo hayo hutoa habari kwa yeyote aliyechomeka kebo. Jina la kifaa, toleo la programu yake na anwani ya kukisimamia humsaidia fundi mwaminifu, na humsaidia pia anayetafuta kifaa chenye kasoro inayojulikana.

7.0 Hatua za Kinga na Mipaka Yake

Hatua zilizopo zinaweza kupangwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza huipa swichi kumbukumbu ya kulinganisha na kauli za vifaa. Swichi inaweza kufuatilia ugawaji wa anwani unaofanywa na seva ya DHCP, ikaandika ni anwani gani ya IP iliyotolewa kwa anwani gani ya MAC na kupitia mlango gani. Ujumbe wa ARP unaopingana na kumbukumbu hiyo hutupwa. Kwa upande wa IPv6, utaratibu wa RA-Guard, ulioelezwa katika RFC 6105 ya mwaka 2011, huzuia matangazo ya ruta yanayoingia kupitia mlango ambao haukutarajiwa kuwa na ruta. Hatua hizi hazihitaji mabadiliko katika kompyuta za watumiaji. Mpaka wake ni kwamba zinategemea usahihi wa kumbukumbu: kifaa chenye anwani iliyoandikwa kwa mkono hakimo katika orodha ya DHCP, hivyo kitakataliwa hadi msimamizi akiongeze.

Kundi la pili hutafuta utambulisho wenyewe. Kiwango cha 802.1X, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, hukifunga mlango wa swichi mpaka kifaa au mtumiaji wake athibitishwe. Kiwango cha 802.1AE cha mwaka 2006 hulinda fremu zenyewe kwa usimbaji kati ya majirani wawili, na kile cha 802.1AR cha mwaka 2009 kinaeleza jinsi mtengenezaji anavyoweza kukipa kifaa cheti cha kudumu chenye ufunguo usiohamishika. Mpaka wa kundi hili ni gharama na utunzaji. Vyeti huisha muda, na printa nyingi za zamani haziwezi kushiriki.

Kuzima LLDP na CDP kila mahali hupendekezwa mara kwa mara, lakini pendekezo hilo linahitaji kupimwa. Kwenye viungo kati ya swichi na swichi, ndani ya vyumba vilivyofungwa, faida ya kuijua ramani ya mtandao ni kubwa. Kwenye milango ya kumbi, maktaba na maeneo ya wageni, ambako hakuna simu inayohitaji matangazo hayo, kuyazima hakuna hasara.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba ARP, NDP na LLDP zimefaulu katika kazi zilizokusudiwa. ARP hupata anwani kwa swali moja na jibu moja. NDP hupunguza usumbufu, hupima uhai wa taarifa na huthibitisha ukaribu kwa namba moja tu. LLDP humpa msimamizi ramani. Hakuna hata moja kati yake, katika umbo linalotumika kwa kawaida, inayothibitisha kwamba jirani ndiye anayedai kuwa.

Kutokana na matokeo haya, inapendekezwa kwamba tathmini ya usalama wa mtandao wa ndani iulize, kwa kila uamuzi unaofanywa na swichi au msimamizi, iwapo uamuzi huo unahitaji kujua mahali pekee au unahitaji kujua utambulisho. Kutafuta mlango ambao printa imechomekwa kunahitaji la kwanza, na jedwali la majirani linatosha. Kuruhusu kifaa kuingia katika mtandao wa fedha au wa kumbukumbu za wagonjwa kunahitaji la pili, na hapo jedwali hilo halitoshi. Watafiti wanaweza kuiendeleza kazi hii kwa kupima, katika mitandao halisi ya taasisi, ni maamuzi mangapi ya aina ya pili ambayo bado yanategemea kauli ya jirani peke yake.